Kadi Namba Mbili na Kengele Zilizonyamaza

Ipo Jumanne moja ambayo nimeamka nayo leo kabla hata sijachemsha chai, na nimeamka nayo kwa hasira. Mwanangu, usitafute upole katika maneno haya. Upole niliuacha kazini wiki iliyopita, pale kijana mmoja niliyempa seva aiongezee kadi ya mtandao aliponijibu, huku akifunga mkoba wake aende zake, "Auntie, it's fine, imerudi online." Nikamuuliza kama ameandika anwani za kadi. Akapandisha mabega. Nikamuuliza kama ameizima na kuiwasha tena akiwa ameisimamia. Akatazama saa.

Nilimwacha aende, nikaketi nikaifanya kazi mwenyewe. Siyo yeye aliyenikasirisha. Nilijiona mimi.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta katika chuo kikuu kule College Park, Marekani. Mtoto wa Tabora, mwenye vyeti vingi na subira haba. Nilipanga chumba Adelphi, katika yale maghorofa ya matofali karibu na University Boulevard, mlango wangu ukitazamana na mlango wa Mama Moraa. Mama Moraa alikuwa Mkenya, Mkisii, mama wa makamo mwenye sauti nene na mikono isiyojua kupumzika. Alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, mwendo wa dakika ishirini kwa basi. Wiki yangu ya kwanza pale ndiye aliyenigongea mlango na sahani ya ugali na mboga, bila kuniuliza jina. Baridi ilipoanza ndiye aliyenipeleka kununua koti, maana nililokuwa nalo alisema ni shuka lenye vifungo.

Na ndiye aliyesikia kwamba kampuni inayotunza kompyuta za ile nyumba ya wazee inatafuta fundi. Alinijia na karatasi mkononi, bado yuko ndani ya sare ya kazi.

"Siwema mdogo wangu, apply leo leo. Usiniambie kesho."

Niliapply. Nikapata. Liweke moyoni hilo, mwanangu: aliyenifungulia mlango ndiye niliyekuja kumfungia wake.

Fundi mkuu wa kampuni ile alikuwa mzee wa Lubumbashi tuliyemwita Papa Kalenga. Mfupi, mkavu, kalamu haitoki sikioni. Kila seva aliyoigusa ilikuwa na daftari lake la karatasi, limefungwa kwa uzi kwenye kabati la mashine. Mimi nilimcheka kichinichini. Nilicheka madaftari yake na nilicheka Kiswahili chake, mimi niliyejiona nimeshushwa na Kiswahili kutoka mbinguni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba guu linalovunjika linaweza kuwa la mtu mwingine. Hilo nililijua mwenyewe baadaye.

Nikueleze kazi yenyewe, hata kama hukuisomea. Seva ni kompyuta inayotumikia kompyuta nyingine. Ile ya nyumba ya wazee ilikuwa na kadi tatu za mtandao, na kila kadi ilichomekwa waya wake. Mashine iliziita kwa namba, ikianzia sifuri. Namba sifuri ilikuwa ya ofisi. Namba moja ilitoka nje, kwenye intaneti. Namba mbili ilibeba kengele. Mzee akibonyeza kitufe kitandani, au akivuta kamba chooni, kijisanduku cha ukutani kilipeleka habari kwa seva kwa njia ya kadi namba mbili, na seva ikalia kwenye meza ya wauguzi na kuandika namba ya chumba kwenye skrini. Mfumo wenyewe ulikuwa wa ovyo. Mwenye nyumba alipenda vitu rahisi, akaziweka roho za watu kwenye mashine moja iliyokaa ghorofa ya chini kando ya chumba cha kufulia.

Sasa shika hili. Seva za siku zile, usipoziamuru vingine, zilizigawia kadi namba upya kila zilipowashwa, kwa kufuata mpangilio zilivyozikuta. Kadi zisipoguswa, hesabu hutoka ileile mwaka nenda mwaka rudi, nawe unadhani ni sheria. Siyo sheria. Ni mazoea tu. Chomeka kadi mpya, na kesho yake aliyekuwa wa mbili anaweza kujikuta wa tatu.

Jumatatu Papa Kalenga aliniita. Nyumba ya wazee walitaka kamera kwenye korido, na kamera zilihitaji kadi ya nne.

"Sikia, ma fille, binti yangu," alisema. "Mbele ya kufungua sanduku, unaandika anwani ya kila carte. Ile anwani ya kiwandani, ile haibadilike. Kisha unafunga namba na anwani pamoja ndani ya faili, machine isijichagulie. Unazima, unawasha, unaangaria. Kisha unapanda juu, unabonyeza kengele na kidole yako."

"Nimekuelewa, Papa."

"Na kidole yako," alirudia. "Hapana kusema itaenda. Unaona imeenda."

Nilimwitikia huku akili yangu iko Washington mjini. Sikumwambia mtu, lakini Jumanne ileile saa saba mchana nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi katika ofisi kubwa, ofisi ya vioo, ya watu wanaovaa kadi shingoni. Nilikuwa nimeazima viatu. Papa Kalenga anazungumza, mimi nahesabu vituo vya treni.

Jumanne nilifika nyumba ya wazee saa nne. Nikawaomba wauguzi wapite vyumbani kwa dakika chache kwa sababu kengele zitazimwa. Mama Moraa alikuwa zamu. Alinipungia mkono kutoka mwisho wa korido, anamsukuma mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Nikashuka chini. Nilizima mashine, nikaifungua, nikachomeka kadi mpya kwenye tundu lililokuwa wazi, nikafunga, nikawasha. Anwani sikuandika hata moja. Faili sikuligusa. Nilipanda hadi mapokezi, nikamwomba yule dada wa mezani afungue ukurasa wowote wa intaneti. Ukafunguka. Akanionyesha dole gumba.

Ngazi za kwenda vyumbani zilikuwa mbele yangu. Nakumbuka niliziangalia. Hatua kama kumi na tano. Nikaangalia saa, nikageuka mlangoni.

Ile kadi mpya, mwanangu, niliichomeka kwenye tundu ambalo mashine ililihesabu kabla ya lile la kengele. Mpya ikachukua namba mbili. Ya kengele ikasukumwa ikawa namba tatu. Maelekezo yote ya kengele yakabaki kwa namba mbili, ambayo sasa ilikuwa kadi tupu isiyo na waya. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Hakuna kilicholia. Ofisi ilifanya kazi, intaneti ilifanya kazi, na kengele zote za jengo lile zikanyamaza.

Saa saba na nusu, mama mmoja mzee wa chumba cha mwisho, Bi Harriet, mwalimu mstaafu, alianguka chooni. Nyonga ilivunjika. Alivuta kamba. Kijitaa kidogo cha ukutani kikawaka, maana kile kilipata umeme wake palepale, hakikuihitaji seva. Akakiona, akaamini ameitika mtu, akangoja. Akavuta tena. Akavuta tena. Alilala juu ya vigae vile mpaka inakaribia saa tisa, Mama Moraa alipoingia katika mzunguko wake wa kawaida na kumkuta.

Na mimi wakati huo? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi, viatu vya watu miguuni, naulizwa nitaje sifa yangu kubwa kuliko zote. Nilisema ni umakini. Nikikumbuka neno hilo mdomoni mwangu mpaka leo natamani kulitema.

Jioni wauguzi wa zamu mpya ndio walioshtuka kwamba skrini haijaandika kitu, wakaipigia kampuni simu. Jumatano asubuhi nikatumwa mimi. Niliketi mbele ya mashine, nikachapa amri moja tu ya kuorodhesha kadi na anwani zake, na kabla sijamaliza kusoma mstari wa pili nilijua. Nikafanya yale niliyoambiwa Jumatatu: nikaandika anwani, nikaifunga kila namba na anwani yake ndani ya faili, nikazima, nikawasha, nikapanda ngazi, nikabonyeza kengele kwa kidole changu. Skrini ikalia. Ilinichukua dakika kumi. Ingekuwa kazi ngumu ningejisamehe kidogo. Dakika kumi!

Nikiwa nashuka nikakutana na mkurugenzi wa nyumba ile, mama wa Kimarekani mwenye haraka na karatasi kifuani. Akaniambia jana mchana mkazi mmoja ameanguka, mhudumu anadai kengele haikulia, na yeye anahitaji kuandika kwenye faili. Je, kengele zilikufa saa ngapi?

Hapo ndipo penyewe. Kosa la kadi lilikuwa uzembe, na uzembe una dawa. Lakini pale kwenye ngazi niliulizwa swali lililo wazi, na jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Jioni. Swichi iliharibika." Swichi ni kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, na chetu kilikuwa kizima. Nikaliandika hivyo kwenye ripoti, nikatia sahihi.

Nilikuwa bado sijajua mhudumu mwenyewe ni nani. Nilijua nilipofika nyumbani. Mama Moraa alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo letu mchana mweupe, sare mwilini, viatu vya kazi mkononi.

"Wamenisuspend," alisema. "Wanasema nilikuwa kwa simu. Siwema, niliongea na binti yangu Moraa dakika tatu, alikuwa ananiambia results zake za mtihani. Dakika tatu! Haki ya Mungu sikusikia kengele. Na si mimi pekee, hakuna aliyesikia."

"Na yule mama aliyeanguka anasemaje?"

"Anasema alivuta. Alivuta mpaka mkono ukauma. Wanasema amezeeka, akili zinaruka. Wanasema mimi naongopa na yeye amechanganyikiwa." Akanitazama. "Wewe ni mtu wa kompyuta. Hizo kengele zinaweza kukataa kulia?"

Nikamjibu, "Sijui, Mama Moraa. Labda."

Labda. Neno la mwoga. Niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango, na kupitia ukuta nikamsikia anampigia binti yake simu, anajifanya anacheka.

Nilikaa hivyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nilijitungia sababu. Kwamba viza yangu inategemea kazi. Kwamba watachunguza na kumwona hana hatia. Kwamba nikipata ile kazi ya ofisi ya vioo nitamsaidia. Mwanangu, moyo wenye hatia ni wakili hodari sana, usiusikilize. Alhamisi jioni alinigongea, akaniletea chapati mbili zilizofunikwa kwa kitambaa, akisema ameona nimekonda. Nilizipokea. Nilizila. Sijui nilizimezaje.

Jumamosi asubuhi Papa Kalenga alinipigia simu niende karakana. Nilimkuta amesimama, ripoti yangu mezani, na kando yake karatasi ndefu aliyoichapisha kutoka kwenye kumbukumbu za ile seva. Alikuwa amekwenda mwenyewe kuiangalia. Kwa kalamu yake alikuwa amezungushia mstari mmoja: saa nne na dakika kadhaa, Jumanne, mashine ilipowaka. Chini yake hakuna kengele hata moja iliyoandikwa mpaka Jumatano.

"Swichi," alisema.

Nikainamisha kichwa.

"Nauliza. Swichi gani? Nionyeshe swichi yenye ilikufa."

"Hakuna, Papa."

Aliipiga ile meza kwa kiganja, bisibisi zikaruka zikaanguka sakafuni. Sijapata kuona mzee amekasirika vile.

"Nilikuambia na kidole yako! Haya, ulikosea. Mimi pia nilikosea, mara mingi, machine banatufundisha. Lakini hii?" Aliinua ripoti yangu kwa ncha ya vidole kama kitambaa kichafu. "Banafukuza mutu juu yako, na weye unanyamaza? Mama mzee analala chini na mufupa imevunjika, anasema kweli, banamuita mwenda wazimu, na weye unanyamaza? Weye unalala namna gani?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Hilo namshukuru mpaka leo, maana angenibembeleza ningedhani machozi ni malipo.

"Unalia kwa nani hapa? Mimi siyo Mama Moraa. Futa uso, uende kwake leo. Jumatatu asubuhi unaenda kwa directrice ya ile nyumba. Kama huendi, naenda mimi, na hii karatasi. Lakini nikienda mimi, usiniite tena Papa."

Mama Moraa alikuwa ametoka ibada ya Jumamosi, maana alikuwa Msabato, bado amevaa nguo yake nzuri ya kijani, kilemba kichwani. Alinikaribisha kiti. Nilikataa kukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, tangu kadi hadi ngazi hadi swichi ya uongo. Sikumpunguzia neno. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hivyo ulijua," alisema. "Wednesday, nikiwa hapo kwa ngazi, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukakula chapati zangu."

"Nilikula, Mama Moraa."

Nilitamani anipige. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sisi kwetu tunasema mtu anayekuuma gizani anajua kitanda chako kiko wapi. Mimi nikifukuzwa hivi, cheti kinaenda. Cheti kikienda hakuna nyumba ingine itanichukua. Ungeniua ukiwa unaniangalia." Akasimama, akafungua mlango. "Enda Jumatatu useme. Ukimaliza kusema, usikuje kuniambia. Nitasikia."

Jumatatu nilikwenda, na Papa Kalenga akaja nami, ingawa sikumwomba. Mkurugenzi alitusikiliza, uso ukabadilika rangi. Mwanangu, nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alifunga mlango wa ofisi, akatabasamu, akasema hakuna haja ya kufanya jambo liwe kubwa. Ripoti ipo, swichi imeshaandikwa, mhudumu atapewa barua nzuri ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Kwa nini tuiweke nyumba nzima hatarini kwa sababu ya namba moja ya kadi? Alizungumza kwa upole kabisa, kana kwamba ananifanyia hisani.

Ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza kwa haki. Siku zote zile nilikuwa nimejiogopa. Pale nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake, akiusikia ukweli na kuupima kama unamfaa. Na nikaona kwamba tangu Jumatano nilikuwa ndugu yake yule. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiniambia "labda" chumbani kwangu.

"Bi Harriet alivuta kamba," nilimwambia. "Mtaandika kwamba alivuta."

Akasema atatafakari. Papa Kalenga akatoa mkobani barua aliyokuwa ameiandaa, akaisoma kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani, akaweka sahihi, akanipa kalamu. Niliweka yangu juu ya yake. Nakala moja ilibaki mezani pa mkurugenzi, nyingine tuliipeleka siku ileile kwa wakaguzi wa nyumba za wazee, pamoja na kumbukumbu za mashine na anwani za kadi zote nne.

Mambo yalikwenda hivi. Mama Moraa alisafishwa, akaombwa arudi kazini. Hakurudi. Alikwenda nyumba nyingine, akasoma, akawa muuguzi kamili. Hayo niliyasikia kwa watu. Mimi nilifukuzwa kazi wiki ileile, na ofisi ya vioo haikunipigia simu, nami sikuwalaumu. Nilifanya usafi wa ofisi mwaka mzima kabla sijaaminiwa tena mbele ya seva. Papa Kalenga alibaki kwenye kampuni, akanifundisha kazi upya Jumapili hadi Jumapili, kwenye mashine kuukuu karakanani mwake, na alinifanya niandike anwani za kadi kwa mkono mpaka nikaota mwandiko wangu.

Bi Harriet nilimfuata hospitali. Nilimweleza, naye akanisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyevunja dirisha. Hakuniuliza habari za kadi. Aliniuliza tu kama nimewaambia wale watu kwamba alivuta. Nikasema nimewaambia, na imeandikwa. Akafumba macho, akasema, "Good. I did pull it." Hakutembea tena kwa miguu yake.

Na Mama Moraa? Nilihama Adelphi mwishoni mwa mwezi. Siku ninatoa vitu vyangu alikuja kusimama mlangoni pake. Aliniambia amenisamehe, maana Mungu wake anamdai hivyo, lakini kwake nisije. Nikamwambia nimesikia, Mama Moraa. Sikwenda. Wapo watakaokwambia kwamba ukishaungama kila kitu hurudi mahali pake. Wanakudanganya. Nilipoteza dada Marekani hii kwa dakika kumi za kazi na siku tatu za kimya, na zile siku tatu ndizo zilizomwondoa.

Sasa nisikilize, na usitazame saa.

Mtandao ukiwa mikononi mwako, usiiachie mashine igawe namba ipendavyo. Andika anwani ya kila kadi kabla hujafungua sanduku. Ifunge namba au jina kwa anwani ile, ndani ya faili, kwa mkono wako. Mnaniambia siku hizi mashine zina akili, huzipa kadi majina marefu kufuata tundu zilipokaa. Najua. Nami nimeona mwaka huuhuu kadi moja iliyoongezwa ikasogeza hesabu ya matundu, na jina refu likabadilika lilelile mlilosema halibadiliki. Kwa hiyo zima, washa, simama pale. Halafu uende hadi kwa mtu wa mwisho anayeitegemea mashine ile, ujaribu kana kwamba wewe ndiye yeye. Usijaribu kilicho karibu na mlango wa kutokea. Mimi nilijaribu mapokezi.

Na utakosea, mwanangu. Pamoja na haya yote utakosea, maana kazi hii haina malaika. Siku utakayokosea, sema kabla ya kuulizwa. Ukiulizwa, sema palepale ulipo, hata kama ni kwenye ngazi, hata kama viza yako inatetemeka mfukoni. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kuna maradhi ambayo kilio chake hulia nyumbani kwa jirani asiye na kosa. Na mzee akikwambia alivuta kamba, mwamini kwanza, ndipo uikague mashine. Mashine haijawahi kulala sakafuni.

Kama nimekusema kwa ukali, ni kwa sababu aliyenisema kwa ukali ndiye aliyeniokoa, na walionisema kwa upole walitaka nibaki mwongo. Mungu akupe mkono usiozikwepa dakika kumi za kazi, na ulimi unaofika kabla ya hatia kumfikia mwingine. Akupe mkubwa wa kukupigia meza. Na yeyote atakayebonyeza kengele uliyoifunga wewe, popote alipo, aitikiwe.